Rangi ya nywele na vifaa vya saluni: maswali mnayotuuliza kila siku

Maswali haya yanaingia kwenye simu ya saluni tangu asubuhi, na mengi nimeyajibu nikiwa na brashi mkononi na mteja mwingine kitini. Nimeyaandika kwa ajili ya wateja, na pia kwa wasusi wanaoanza, maana nusu ya ujumbe tunaoupokea unatoka kwa wasusi wenzetu ambao wameshachanganya rangi na ndiyo kwanza wanauliza wafanye nini. Utaona narudi palepale kila mara: kichwa kina historia, na rangi inaisoma historia hiyo hata kama wewe umeificha.

Nywele zangu ni nyeusi tii. Mnaweza kunigeuza blondi leo leo?

Hapana. Na msusi anayekuambia "njoo tu" kwenye simu kabla hajakuona kichwa, muulize mara mbili.

Nywele tunazipima kwa ngazi, kuanzia 1 ambayo ni nyeusi hadi 10 ambayo ni blondi iliyopauka. Wengi wetu huku tumezaliwa na 1 au 2. Ile blondi ya kwenye picha iko 9 au 10. Blichi haitii rangi yoyote, inaondoa melanini, yaani rangi ya asili iliyomo ndani ya unywele, na melanini haitoki kwa mkupuo. Ina njia yake: nyeusi inageuka kahawia yenye wekundu, kisha nyekundu, kisha chungwa, kisha njano ya kiini cha yai, na mwisho njano hafifu kama upande wa ndani wa ganda la ndizi. Hapo kwenye ganda la ndizi ndipo blondi inapoanzia. Ukitaka kupita hapo, hauondoi rangi tena, unaula unywele wenyewe.

Kwa nywele ambazo hazijawahi kuguswa na kitu, kazi hii tunaigawa mara 2 au 3, na wiki kadhaa katikati. Kila ukitoka unatoka na rangi inayovalika: kwanza kahawia ya shaba, safari inayofuata asali, ndipo blondi. Wateja wengi wakifika kwenye asali wanasema "dada, hapa hapa panatosha," na mimi huwa nafurahi, kwa sababu asali inaikubali ngozi yetu kuliko blondi ya theluji. Hayo ni maoni yangu, usiyachukulie kama sheria.

Kuhusu video uliyoiona, ambayo mtu anakaa mweusi na kuinuka blondi ndani ya dakika 1: saa zote zilizopita katikati zimekatwa. Hakuna anayeonyesha saa ya nne, mteja anapolalamika mgongo na msusi anapima unywele kati ya vidole kuona kama bado unavutika na kurudi.

Namba zilizoandikwa kwenye boksi la rangi maana yake nini?

Tarakimu iliyo kabla ya nukta au mkwaju (/) ni ngazi, yaani wepesi au uzito wa rangi. Zinazofuata ni mwelekeo wake: dhahabu, shaba, wekundu, majivu na kadhalika. Kwa hiyo 6.3 ni blondi ya giza yenye dhahabu, na kwenye macho ya wengi hapa hiyo ni kahawia tu. Hapo ndipo ugomvi mwingi wa saluni unapoanzia. Mteja anaomba "kahawia", msusi anachukua boksi lenye neno kahawia, namba 4, na kwenye kichwa cha Mswahili 4 inatoka nyeusi. Kahawia ambayo jirani yako ataiona bila kuambiwa huanzia 6.

Sasa jihadhari. Tarakimu ya pili haifanani kwa makampuni yote. Kwa L'Oréal, 4 ya baada ya nukta ni shaba na 6 ni nyekundu. Kwa Wella, 4 ni nyekundu na 6 ni zambarau. Mteja anakuja na namba aliyoandikiwa na msusi wake wa Nairobi, anasema "mimi napaka 7.4," na sisi hatujui ni ya nani. Ukiweza, piga picha boksi zima.

Developa ya 20 na ya 40 zinatofautiana nini? Yenye namba kubwa si ndiyo nzuri?

Developa ni peroksaidi ya hidrojeni, ndugu wa ile inayosafishia vidonda, ila hii imetiwa krimu isichuruzike. Namba yake ni ujazo wa oksijeni: lita 1 ya developa ya 20 inaweza kutoa lita 20 za oksijeni. Kwa asilimia, ya 10 ina peroksaidi asilimia 3, ya 20 ina 6, ya 30 ina 9 na ya 40 ina 12. Umoja wa Ulaya umeweka asilimia 12 kuwa kikomo kwa bidhaa za nywele. Kwa hiyo ukishika chupa ya 40 umesimama ukingoni.

Ya 10 inatumika pale usipotaka kupandisha chochote, kwa mfano kurudisha giza kwenye nywele zilizopauka au kuweka tona, rangi nyepesi ya kurekebisha mng'ao, baada ya blichi. Ya 20 ndiyo mkate wa kila siku: inafunika mvi na kupandisha ngazi 1 hadi 2. Ya 30 inapandisha 2 hadi 3. Ya 40 sisi tunaigusa mara chache sana, na haikai kamwe kwenye ngozi ya kichwa.

Msusi mwenye haraka anachukua 40 ili amalize mapema, halafu anamweka mteja chini ya draya ili amalize mapema zaidi. Huyo anapika. Joto linaongeza kasi ya peroksaidi, na kasi hiyo haina breki. Blichi yenye developa ya 20, ikikaguliwa kila baada ya dakika chache, hufika palepale ikiwa imechelewa kidogo na unywele bado ni mzima. Tena ngozi ya kichwa nayo ina joto lake, ndiyo maana nywele za mizizini hupauka haraka kuliko za katikati. Kama unapandisha kichwa kizima, anza sentimita 1 au 2 mbali na ngozi, mizizi iwe ya mwisho. Ukianza na mizizi, mteja atatoka na kichwa chenye moto juu na majivu chini.

Umeishiwa 20 na duka limefungwa? Changanya 30 na 10 za kampuni moja, nusu kwa nusu, utapata 20. Na pima kwa mizani ya gramu, ile ndogo ya jikoni. Kijiko na macho ndivyo vinavyofanya rangi ya mwezi huu isifanane na ya mwezi uliopita.

Nilipaka nyeusi mwaka jana. Juzi nimepaka kahawia juu yake na haikuonekana kabisa. Rangi ilikuwa feki?

Yawezekana ilikuwa nzima kabisa. Rangi haiiondoi rangi. Tyubu ya kahawia inaweza kuinua kidogo melanini uliyozaliwa nayo, lakini rangi ya dukani iliyokwisha kuingia na kukaa ndani ya unywele haisogei kwa tyubu nyingine. Angalia mizizini: bila shaka ile sehemu mpya iliyoota imegeuka kahawia, na urefu umebaki mweusi. Nyeusi ya boksi ndiyo rangi rahisi kuliko zote kuipaka, na ngumu kuliko zote kuitoa. Inatoka kwa dawa maalumu ya kuondoa rangi au kwa blichi, taratibu, ama unasubiri iote na kukatwa. Nywele huota kama sentimita 1 na kidogo kwa mwezi, basi piga hesabu mwenyewe.

Nywele zangu zina dawa. Naruhusiwa kupaka rangi?

Rangi ndiyo, kwa mpangilio. Blichi, sisi hatufanyi.

Dawa ya kulainisha inafanya kazi kwa kuvunja vifungo vya salfa vinavyoushikilia unywele katika umbo lake, na inafanya hivyo kwa ukali wa alkali. Iwe ni ya sodiamu au ile inayochanganywa na kuandikwa kwamba haina "lai", ukali uko pale. Unywele huo ukiuongezea blichi, unaupiga mara ya pili mahali ambapo hakuna kilichobaki cha kupigia. Matokeo tunayajua: nywele zinakatika usawa mmoja, kama zimepimwa kwa rula, na mteja anadhani amekatwa na mkasi.

Mpangilio wetu ni huu. Retachi kwanza, yaani dawa kwenye mizizi iliyoota, na rangi ya kudumu baada ya wiki 2 au zaidi. Kama unataka kitu siku hiyohiyo, tunakupa rangi isiyo na developa, ile inayokaa juu ya unywele na kutoka polepole kwa kuoshwa. Nayo inang'arisha vizuri sana nywele zilizotoka kuwekwa dawa.

Jambo moja ambalo watu hawalisemi mpaka waulizwe: kalikiti. Dawa ya kukunja nywele ina kemikali ya ukoo tofauti na dawa ya kulainisha, na hivyo viwili havikai kichwa kimoja hata kama vimepishana miezi. Ukiweka kimoja juu ya kingine, nywele zinabaki mkononi.

Nina hina. Inazuia nini?

Inategemea ni hina gani, na ndiyo maana tunauliza uliinunua wapi na ilikuwa na rangi gani ikiwa unga.

Hina halisi ni majani yaliyosagwa, na kinachotia rangi ni lawsoni, ambayo inajishika na keratini ya unywele. Inatoa rangi ya kutu, kamwe haitoi nyeusi. Anayetaka nyeusi ya asili hufuatisha nila baada ya hina. Juu ya hina safi tunaweza kupaka rangi nyeusi zaidi, ila mvi zilizopakwa hina huwa kaidi, na ukipandisha utapata chungwa lisilotaka kuhama.

Tatizo ni hina ya kopo inayodai kutoa kahawia, nyeusi au hata zambarau. Nyingine zimechanganywa na chumvi za metali. Chumvi hizo zikikutana na peroksaidi, zinaweza kuchemka kichwani: moshi, harufu, joto la kukuunguza, na nywele kuyeyuka kama plastiki. Basi hatubahatishi. Tunakata nywele chache nyuma ya shingo, tunaziloweka kwenye mililita 30 za peroksaidi ya 20 iliyotiwa matone 20 ya amonia kali, na tunaziacha dakika 30. Zikipauka kidogo tu bila kelele, tunaendelea. Zikipata moto, zikitoa mapovu au zikigeuka rangi ya ajabu, mteja wetu anaondoka na nywele zake kama alivyokuja, na hatulipishi kipimo.

Ile dai nyeusi ya unga, na piko, ni salama? Mbona kila bi harusi anapaka?

Hapa nitakaa kidogo, samahani.

Weusi wa dai nyingi za kudumu unatokana na kemikali iitwayo PPD. Ni ya zamani: tangu karne ya 19 ilijulikana kuwa inageuka nyeusi ikikutana na hewa, na mwaka 1907 Mfaransa Eugène Schueller alipotengeneza rangi yake ya nywele, aliyokuja kuijengea kampuni inayoitwa leo L'Oréal, dunia ya saluni ilishaingia kwenye kemikali za ukoo huo. Ikitumika kwenye nywele, kwa kiasi kidogo, ikaoshwa kwa wakati, watu wengi hawapati shida. Ulaya inaruhusu isizidi asilimia 2 katika mchanganyiko unaofika kichwani.

Piko ni habari nyingine. Dai ileile ya nywele, ya unga, inakorogwa nzito na kuchorwa moja kwa moja kwenye ngozi, ikaachwa ikauke, na hakuna aliyepima asilimia. Kwa baadhi ya watu ngozi inavimba na kutoa malengelenge yanayofuata ua lote lililochorwa. Na hilo si la siku moja. Mwili ukishaikataa PPD, unaikumbuka maisha yote. Miaka 10 baadaye mwanamke yuleyule anaona mvi ya kwanza, anapaka rangi nyeusi ya kawaida, na asubuhi macho hayafunguki. Kwa hiyo tukikuuliza "uliwahi kuchorwa piko ikakuwasha?" usicheke ukadhani tunapiga soga.

Kipimo ni rahisi. Saa 48 kabla ya miadi, tunapaka tone la rangi nyuma ya sikio au kwenye kunjo la mkono. Ukiwashwa, ukivimba au ukipata vipele, hakuna rangi hiyo. Kuna rangi zinazotumia kemikali mbadala wa PPD, lakini wengi wanaodhurika na PPD hudhurika na mbadala huyo pia, kwa hiyo nazo zinapimwa. Uso ukianza kuvimba au pumzi kubana baada ya kupaka rangi, osha kwa maji mengi na kimbia hospitali, usisubiri kupambazuke.

Na ule unga usiuweke karibu na sukari wala amira. PPD ikimezwa inavimbisha koo hadi pumzi inaziba na inaua figo. Sudan wameandika visa vya namna hiyo kwa miongo mingi. Weka juu kabati, mbali na watoto, na kifuniko kimebana.

Rangi isiyo na amonia haina madhara?

Haina harufu ile. Amonia imebadilishwa na kitu kingine, mara nyingi etanolamini, ambacho nacho ni alkali na nacho kinafungua magamba ya unywele. Kisichoruka hewani kinabaki kichwani, kwa hiyo uoshaji wake uwe wa makini zaidi. Na PPD inaweza kuwemo vilevile. Soma nyuma ya boksi, mbele pameandikwa kwa ajili ya kukuuzia.

Mvi zangu zinakataa rangi. Baada ya wiki 2 zinachungulia tena.

Mvi za mbele na za kwenye panja ndizo kaidi, magamba yake yamebana. Anzia hapo, ndipo uende nyuma. Tumia developa ya 20, si 10, na rangi ya asili yenye sifuri au isiyo na tarakimu ya pili, iwe peke yake au nusu ya mchanganyiko. Nyekundu tupu juu ya mvi inatoka waridi. Acha dakika zote zilizoandikwa, kawaida 35 hadi 45. Wengi huosha ya 20 kwa sababu "imeshaonekana nyeusi". Weusi unaouona juu ni mchanganyiko kwenye bakuli ukigeuka kwa hewa, si unywele.

Mjamzito anaweza?

Kinachopenya kwenye ngozi ya kichwa ni kidogo sana, na madaktari wengi wanashauri kusubiri wiki 12 za kwanza zipite. Sisi tunakukalisha karibu na dirisha, tunatumia michirizi isiyogusa ngozi, na tunakuomba uongee na kliniki yako kwanza. Watoto walio chini ya miaka 16 hatuwapaki rangi za kudumu, hata mama akisisitiza kwamba ni sikukuu.

Naweza kupaka rangi rasta au wigi langu?

Wigi la nywele za binadamu, ndiyo, ila limeshapitia kemikali kiwandani, basi jaribu kwanza nyuma. Nywele bandia za rasta ni nyuzi za plastiki. Developa haizifanyi kitu. Ndiyo maana rangi ya rasta unaichagua dukani kabla ya kusuka. Na pasi ya moto ukiipitisha juu yake inaganda kwenye bamba. Ncha zake hutulizwa kwa kuchovya kwenye maji ya moto, kama mnavyojua.

Blondi yangu inageuka chungwa kila baada ya wiki 3. Naoga maji ya kisima.

Umejijibu. Maji ya kisima katika sehemu nyingi za Dar yana chumvi na madini, na madini yanajishika kwenye nywele zilizo wazi. Suuza ya mwisho tumia maji ya mvua au ya kunywa, lita 2 zinatosha. Halafu gurudumu la rangi ndilo linalotibu: zambarau inaua njano, bluu inaua chungwa, kijani inaua wekundu. Shampuu ya zambarau kwa mtu mwenye chungwa ni pesa ya bure, na nimeona watu wengi wakiilaumu chupa. Wewe unahitaji ya bluu.

Nafungua saluni. Ninunue draya gani kwanza?

Ya kofia, moja nzuri, kabla ya vioo vyote vya kung'aa. Ndiyo itakayokausha rola, itakayofanya stimu kwa mteja aliyevaa kofia ya plastiki, na mteja akikaa humo mikono yako iko huru kwa mwingine. Tazama kama kidhibiti joto kinafanya kazi kweli: washa dakika 10 dukani, usikubali kuonyeshwa ikiwa baridi. Ya mkono chukua ya injini nzito ya saluni, wati 2,000 hivi, yenye waya mrefu, na chujio la nyuma linalofunguka. Chujio likijaa nywele, draya inapumua kwa shida na kuungua. Safisha kila Jumatatu.

Sinki la kuoshea ni la pili kwa umuhimu, na shingo yake ndiyo ya kukagua. Kalia mwenyewe dakika 10 kabla hujalipa.

Dada yangu ananiletea draya kutoka Marekani. Itafanya kazi?

Kule umeme ni volti 120, huku ni 230 Tanzania na 240 Kenya. Draya ya kule, ambayo kwa kawaida ni wati 1,875, ukiichomeka hapa moja kwa moja itavuta nguvu karibu mara 4. Itaunguruma sekunde chache, itatoa harufu, kwisha habari. Transfoma ya kuibeba ni nzito na inaweza kukugharimu kuliko draya. Mwambie aangalie maandishi: yakisema 100–240V, lete. Yakisema 120V, abaki nayo. Pasi nyingi za nywele ni za volti zote, draya chache.

Mashine za kunyolea za mtetemo zina kasoro ya ziada: zimetengenezewa mapigo 60 kwa sekunde, na sisi tuna 50. Hata juu ya transfoma zinagonga na kupoteza nguvu. Vifaa vya kutoka Dubai na Oman havina shida hiyo, umeme wao na plagi zao ni kama za kwetu.

LUKU yangu inaisha haraka. Kifaa gani kinakula?

Chochote chenye joto. Draya ya wati 2,000 ikifanya kazi nusu saa imekula uniti 1. Ya kofia ya wati 1,000 inakula uniti 1 kwa saa. Mashine ya kunyolea siku nzima haifiki hata robo ya hapo. Weka gharama hiyo kwenye bei ya huduma, usiifunike kwenye "faida".

Na msiunganishe draya 2 kwenye ekstensheni moja. Moja inavuta karibu ampea 9. Mbili ni 17 na zaidi, kwenye plagi ya 13. Waya mwembamba wa bei rahisi unalainika kimya kimya ukutani kabla hujaona moshi.

Umeme ukikatika mteja akiwa na rangi kichwani?

Hakuna shida, rangi haihitaji umeme. Ogopa maji kukatika. Niliwahi kuingia saluni moja, sitaitaja, nikakuta mteja ana blichi kichwani, bomba limekauka, na kijana ametumwa kukimbilia madumu mtaa wa pili. Dakika 15 za ziada kwenye blichi ni nyingi mno. Kwetu, blichi haichanganywi mpaka mtu ameinua kifuniko cha simtanki na kuona maji kwa macho, na ndoo 2 ziko kando ya sinki.

Pasi ya nywele niiweke nyuzi ngapi?

Nywele zilizopauka au nyembamba, 150 au chini. Za kawaida, 180. Kipilipili nzito isiyo na kemikali, 200 hivi, mara moja kwa kila fungu, si kupita mara 5 kwa joto dogo. Ziwe kavu kabisa: ukisikia zinachacharika, maji ndani ya unywele yanachemka na kuacha mapovu ambayo hayatibiki. Pasi isiyo na namba, yenye taa nyekundu tu, waachie wanaoipenda.

Na afya yangu mimi msusi?

Blichi ya unga ina pasalfeti, na vumbi lake huleta pumu kwa wasusi. Chota taratibu, nunua isiyopeperuka kama inapatikana, fungua madirisha. Glovu hata wakati wa kuosha, hasa wakati wa kuosha, maana hapo ndipo wengi huzivua. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka kazi yetu katika kundi la zile ambazo huenda zinasababisha saratani, na limezungumzia sisi tunaoivuta hewa hiyo kila siku, si mteja anayekuja mara moja kwa miezi 2. Kuhusu ile dawa ya kunyoosha nywele iitwayo keratini, inayotoa moshi wa kuchoma macho ikipigwa pasi: moshi huo mara nyingi una formaldehaidi, gesi ya formalini. Sisi tumeacha.

Nitajuaje bidhaa ya Kariakoo kama ni nzima?

Tarehe, nambari ya toleo, maandishi yasiyo na makosa, na mdomo wa tyubu uliozibwa kwa bati. Kwa Tanzania vipodozi viko chini ya TBS tangu 2019, kwa Kenya tafuta alama ya KEBS. Chupa ya developa iliyovimba imekaa juani, usiifungue karibu na uso. Na rangi uliyokwisha kuichanganya usiifungie kwenye kopo "kwa ajili ya kesho". Inaendelea kutoa gesi, kopo litapasuka.

Siku ya miadi nije vipi?

Usioshe kichwa siku hiyo, mafuta ya asili yanaikinga ngozi. Vaa blauzi usiyoipenda. Lete picha 2 za unachotaka na 1 ya usichotaka, boksi la rangi ya mwisho kama bado unalo, na chakula, maana kuna siku tutakaa mpaka magharibi.